Mrejesho: mabomba ya daraja la 316 yamepimwa bila kukatwa
Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kuthibitisha, bila kukata wala kutoboa, kwamba mabomba 40 tuliyopokea kwa mfumo wa maji ya chumvi ni chuma kisichoshika kutu cha 316L, kama cheti kilivyoeleza.

Tulitumia kipimo cha mkononi cha eksirei, ambacho hupiga miale juu ya metali na kusoma miale inayorudishwa na kila elementi. Usomaji wa kwanza ulinitia wasiwasi bure, kwa kuwa vumbi la kusaga lililoganda juu ya bomba lilizidisha kiasi cha chuma. Tulipopiga msasa mpaka sehemu ndogo ikang'aa, namba zikatulia. Mabomba 37 yalionyesha molibdeni ya asilimia 2.1 hivi, ndani ya kiwango cha 316L cha asilimia 2 hadi 3. Matatu hayakuwa nayo kabisa, huku kromi ikiwa 18 na nikeli 8: hayo ni daraja la 304, aina isiyoongezwa molibdeni, ingawa muhuri wake unasomeka 316L. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, na sumaku haisaidii, kwani kwa kawaida haivuti daraja lolote kati ya hayo mawili.

Kaboni eksirei hiyo haiisomi, kwa hiyo kikomo chake cha asilimia 0.03 (herufi L humaanisha kaboni kidogo) tulikikagua kwa kipimo cha cheche za umeme, ambacho huacha alama ndogo ya kuungua. Tukakielekeza kwenye ncha zitakazochomelewa. Yale matatu tumeyapaka rangi nyekundu na kuyatenga, na msambazaji amekubali kuyabadilisha.