Eti "ndugu mteja, nunua simu yenye nafasi kubwa"

Wakuu, leo salamu hakuna. Hawa jamaa wa aplikesheni ya kulipia mnawajua, siwataji.

Asubuhi nipo dirishani nalipia, foleni hadi barabarani, aplikesheni yao inagoma: sasisha kwanza. MB 160! Nikafuta picha za harusi, nikafuta kwaya za mama mkwe, bado haitoshi. Nawaandikia huduma kwa wateja, najibiwa "ndugu mteja, nunua simu yenye nafasi kubwa."

Mimi. Ninunue simu. Ili wao wakae vizuri.

Nimerudi geto nikaifungua hiyo APK, yaani faili ya kusakinisha aplikesheni yao, kwenye kompyuta, maana ni zipu tu. Folda ya lib ina watoto wanne: arm64-v8a, armeabi-v7a, x86, x86_64, kila mmoja wa aina yake ya prosesa. Maktaba ile ile ya kodi za programu mara nne! Simu yangu inatumia moja. Hizo za x86 bila shaka ni za emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) ya dogo aliyeiandika, mimi ndiye hamali wake. Na alama za kusaka hitilafu, za mwandishi wa programu tu, zote zimo! Nikapitisha llvm-strip, kifaa cha kuzifuta, huku mkono mwingine unakula chipsi: faili ya maktaba ya MB 31 ikabaki 6. Ninunue simu!

Kobazi: Simu yako GB ngapi mkuu?

Mleta uzi: 16.

Kobazi: Basi jamaa wamekushauri vizuri 😂😂

Fundi Mitambo: Ungeshusha Google Play ungepata kipande cha simu yako tu. Tangu Agosti 2021 aplikesheni mpya zinapelekwa kule kama AAB, kifurushi kimoja cha simu zote, Play ndiyo inamkatia kila mtu kipande chake.

Mleta uzi: Linki ya APK wameniwekea wao wenyewe kwenye tovuti yao!!

Fundi Mitambo: Hapo sawa. Na kufuta hizo alama, Gradle (programu inayojenga aplikesheni) inafanya yenyewe. Kompyuta ikikosa NDK, zana za Android za kushughulikia maktaba hizo, inatoa onyo tu, inazifungasha hivyo hivyo. Huyo dogo onyo hakulisoma.

Mama Ntilie wa Kodi: Kwaya za mama mkwe ulizifuta kwa roho safi?

Kobazi: Alikuwa anatafuta sababu huyo.

Dada Temeke: Afadhali wewe umejibiwa. Mimi tangu Jumatatu naambiwa "zima simu, washa."

Mpiga Debe: Mnalia na MB 160, bando langu la wiki limekata siku ya pili na sijafungua hata video.

Dada Temeke: Usiniambie! La kwangu limekata nimelala.

Mleta uzi: Jamani, uzi unahusu maktaba nne...

Mpiga Debe: Dada, umejiunga la shilingi ngapi?