Buldogi mtu mzima amehamia kwetu kutoka familia nyingine: tumsaidieje azoee?

Mama Wawili, Tegeta

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa watu waliowahi kumpokea mbwa aliyekwisha kukua, hasa wa aina ya buldogi wa Kiingereza. Tumekabidhiwa dume wa miaka mitano na familia iliyomaliza mkataba wa kazi hapa Dar es Salaam na kurudi kwao. Walishindwa kuondoka naye kwa sababu mashirika mengi ya ndege hukataa kuwapakia mbwa wenye pua fupi, kwa kuhofia wasije wakaishiwa pumzi njiani. Amekuja na kadi yake ya chanjo, kitanda chake na mfuko wa chakula alichozoea, na kwa maelezo ya waliomlea ni mbwa mchangamfu apendaye watoto.

Huyo mchangamfu bado hatujamwona. Tangu afike anajilaza nyuma ya kochi, anakula nusu ya chakula au anakiacha chote, na tukimtoa matembezi saa kumi na moja jioni anakwenda hatua chache kisha analala chini na kugoma. Usiku anakoroma na kutoa mlio kama wa kunguruma, hata hatujui kama amekasirika au ndivyo anavyopumua. Mtoto wetu mdogo, wa miaka sita, alimkumbatia shingoni naye akamngurumia. Hakumng'ata, lakini mume wangu sasa anataka alale uani bandani, pamoja na jike wetu wa kienyeji, ili pia amsaidie mlinzi. Juu ya hayo, dada anayetusaidia kazi za nyumbani ni Mwislamu, na ameniambia kwa adabu kwamba hana raha kuosha vyombo vya mbwa.

Je, hii ni huzuni ya kuwakumbuka wenyewe, au ndiyo tabia yake? Na tuanzie wapi?


Mzee wa Kibaha

Mama Wawili, hongereni kwa kumpokea. Watu wanaowatafutia mbwa makazi mapya wana kipimo chao cha makadirio: siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuijua ratiba ya nyumba, na miezi mitatu ya kuiona nyumba kuwa yake. Si sheria, na buldogi ni mkaidi kiasi cha kuweza kuipitiliza, lakini angalau inawazuia watu kumhukumu mbwa katika juma la kwanza.

Mwachieni hapo nyuma ya kochi. Amechagua mahali penye ukuta mgongoni ambapo anaweza kuwatazama wanaopita bila kuguswa na mtu, na kwa mbwa ambaye hamjui yeyote ndani ya nyumba hilo ni chaguo la busara kabisa. Sogezeni kitanda chake hapo, wala msikifue kwa sasa, kwa kuwa harufu iliyomo ni ya nyumba aliyoishi miaka mitano. Majirani na jamaa wanaotaka kuja kumwona wasubiri. Nyinyi wenyewe kaeni sebuleni kama kawaida, mzungumze, mtazame taarifa ya habari, na asogezwe karibu na hamu yake mwenyewe badala ya kuvutwa.

Kuhusu chakula, endeleeni na kile alichokuja nacho, kwa saa zilezile alizozizoea ikiwa mnaweza kuwauliza wenyewe wa zamani. Akikiacha, kiondoeni baada ya robo saa hivi bila kumbembeleza, kisha mpeni tena wakati wa mlo unaofuata. Mkitaka kubadilisha chakula, changanyeni kidogo kidogo kwa muda wa siku saba hadi kumi. Najua jaribu lililopo ni kumwekea ugali na dagaa ili ashawishike, lakini tumbo lililohamishwa ghafla huleta kuhara, na buldogi, ambaye humeza hewa nyingi anapokula, atawafukuza sebuleni kwa ushuzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa. Na ikiwa alifundishwa amri kwa Kiingereza, nyumba nzima itumie maneno hayohayo kwa sasa, watoto pamoja na mlinzi.


Daktari wa mifugo, Morogoro

Mama Wawili, utulivu anaoushauri Mzee ni sahihi, ila kabla ya kusema hii ni huzuni au tabia, ningependa mwili wa mbwa huyu uchunguzwe, kwa sababu karibu kila ulichokieleza kinaweza kuwa na chanzo cha mwilini.

Nianze na kukosa hamu ya kula pamoja na uvivu. Hapa kwetu kupe wapo mwaka mzima, na magonjwa wanayoyaeneza kwa mbwa, kama vile erlikia na babesia, huanza hivyohivyo: mbwa ananyong'onyea, anaacha chakula, homa inapanda na kushuka, na wenye mbwa wanasema amewakumbuka mabwana zake. Tazama ufizi wake kama umepauka, na mpeleke akapimwe damu. Upimaji huo si jambo kubwa, na ugonjwa ukigunduliwa mapema hutibika. Muulize daktari dawa ya kupe inayofaa mbwa kwa uzito wake. Tafadhali msitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo, kama wengi wanavyofanya, maana inaweza kumtia sumu. Katika kadi ya chanjo, angalieni tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kitu kingine chochote, na kama muda wake umepita achanjwe sasa.

La pili ni pumzi. Fuvu la buldogi limefupishwa kwa kuzalishwa kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi, lakini nyama ya ndani haikupungua kwa kiasi hicho. Matundu ya pua ni finyu, kaakaa laini ni refu kupita nafasi yake, na koromeo mara nyingi ni jembamba. Mbwa hapoi kwa kutoa jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema, na huyu anahemea kwenye njia iliyobanwa. Mwongezeeni unyevunyevu wa pwani, ambao hupunguza kukauka kwa mate ulimini, na mtaona kwa nini anagoma njiani. Saa kumi na moja jioni lami ya Tegeta bado ina joto la mchana kutwa. Kwa hiyo anapolala chini anajiokoa, na kumvuta kamba ni hatari. Mtoeni alfajiri kabla jua halijachomoza, au baada ya saa moja usiku, kwa muda mfupi, akiwa amefungwa mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni.

Mtu mzima yeyote katika nyumba hiyo ajue dalili za kuzidiwa na joto: kuhema kwa kelele bila kutulia, mate mazito, ulimi uliotanuka na kuwa mwekundu sana au wa zambarau, kuyumba, kutapika. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida mwili mzima, mmpepee au mumweke mbele ya feni, kisha ndipo mwende kwa daktari mkiendelea kumpoza. Msimfunike taulo lililolowa na kuliacha juu yake, kwa kuwa linapopata joto hulizuia lisitoke. Vilevile msimnyweshe maji kwa nguvu.

Kwa sababu hizohizo banda la bati uani si mahali pake, mchana wala usiku. Alale ndani, juu ya vigae, penye upepo, na fikirieni mapema mtafanya nini umeme ukikatika mwezi wa Januari. Na kwa kuwa mpo karibu na bahari, niongeze kwamba buldogi wengi hawawezi kuogelea: kichwa na kifua ni vizito, na miguu ni mifupi.

Mwisho, huko kunguruma. Mtoto alimkumbatia shingoni, mahali ambapo mbwa huyu anategemea kila sentimita ya njia ya hewa, hivyo huenda alihisi anakabwa. Huenda pia masikio yana uambukizo, au mikunjo ya uso na ule mfuko wa ngozi chini ya mkia una vidonda, jambo la kawaida kwa buldogi kwenye unyevu. Mikunjo hiyo husafishwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo na kukaushwa vizuri, kwani kuliko kuiacha na majimaji ni afadhali kutoigusa. Lakini mwacheni daktari aanze kuigusa, si ninyi, hadi ijulikane kama inauma.


Mkufunzi wa mbwa, Arusha

Nashukuru Daktari amelisema la maumivu. Ninaongezea upande wa watoto na wa yule jike.

Msimwadhibu kwa kunguruma. Mbwa aliyengurumia na kuishia hapo ametoa onyo na kujizuia, na akipigwa kwa hilo atajifunza kuruka hatua ya onyo. Tatizo la buldogi ni kwamba ishara nyingine za mbwa hazionekani kwake kwa urahisi. Uso umejaa mikunjo, mkia ni kipande tu, macho yametokeza muda wote, na anapokoroma akiwa macho watu hudhani ananguruma. Kwa hiyo tazameni mwili mzima. Akikakamaa ghafla, akigeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, au akijilamba midomo pasipo chakula, ameshasema imetosha.

Kwa mtoto wa miaka sita sheria ziwe chache na zisivunjwe: haendi nyuma ya kochi, hamgusi mbwa anayelala au anayekula, na hakumbatii. Anaruhusiwa kukaa chini umbali wa hatua kadhaa na kumrushia punje za chakula chake bila kumwita. Mkubwa anaweza kushiriki matembezi ya alfajiri pamoja na mzazi. Watoto na mbwa wasibaki peke yao chumba kimoja, hata mlango ukiwa wazi, na hili liendelee muda mrefu kuliko mnavyodhani ni lazima.

Jike wa kienyeji anaiona ile nyumba kuwa mali yake, naye ana haki. Wakutanisheni nje ya geti, mahali ambapo hakuna mwenyewe, kila mmoja na mtu wake, mkitembea upande mmoja kwa umbali mnaopunguza taratibu siku baada ya siku. Msiwasimamishe uso kwa uso wanuse. Mbwa wengi wa kienyeji hawajawahi kumwona mbwa mwenye uso wa namna hiyo na pumzi ya kelele, na huweza kuichukua kelele kuwa uchokozi. Vyombo vya chakula viwe mbali, jike nje na dume ndani, kwa muda wote mtakaoona inafaa. Si lazima waje kuwa marafiki.


Mama Wawili, Tegeta

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimemsomea mume wangu maelezo ya Daktari kuhusu banda, naye amekubali alale ndani, ingawa anauliza ni mbwa gani huyu asiyelinda. Damu tutapima kesho. Bado sijui nizungumze vipi na dada, maana sitaki aone kwamba nimemlazimisha, na pia sitaki mbwa afungiwe chumbani kila anapopita.


Bint Tanga

Dada Mama Wawili, nakujibu kwa sababu mimi ni Mwislamu na nimeishi katika nyumba yenye mbwa. Wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo dada hakuonyeshi maringo wala woga. Anakuambia kazi hiyo ina uzito kwake kuliko unavyouona, na ukitaka kumheshimu, iondoe kabisa katika kazi zake badala ya kumwongezea posho.

Kwa vitendo, vyombo vya mbwa viwe vya kwake, vioshwe kwenye bomba la nje na mmoja wenu, na sponji lake lisiingie jikoni. Buldogi anadondosha mate na hutikisa kichwa, kwa hiyo mwekeeni taulo lake na mfute midomo kila anapomaliza kunywa. Chumba cha dada na mahali anaposwali pawe na kizuizi cha mlangoni, kile cha chini kama wanachowawekea watoto wachanga, na mbwa afundishwe kwamba havuki hapo. Hivyo yeye anapita sebuleni kwa uhuru na mbwa anabaki kwenye kitanda chake. Mwambieni dada mpango huu kabla ya kuuanza, na muulize kama kuna jingine.

Kuhusu swali la shemeji: kazi ya ulinzi anayo mlinzi, pamoja na yule jike. Mtambulisheni mlinzi kwa huyu mgeni mapema, kwani ndiye anayefungua geti, na mbwa ambaye hajazoea mtaa akitoka hatajua njia ya kurudi.


Daktari wa mifugo, Morogoro

Mama Wawili, kabla ya kesho mrekodi kwa simu akiwa amelala usingizi mzito, dakika mbili tatu, sauti isikike, kisha umwonyeshe daktari wako. Mbwa anayelala akiwa ameinua kidevu juu ya kitu, au anayesinzia ameketi na kuzinduka mara kwa mara, anahangaika kupata hewa, na mbwa asiyelala vizuri usiku hawezi kuwa mchangamfu mchana. Kuna upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kupunguza kaakaa, lakini uamuzi huo ufanywe na daktari mwenye uzoefu wa mbwa wa pua fupi. Kama hapo ulipo hayupo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko huku kwetu Morogoro. Mkisafiri naye, ondokeni usiku, gari liwe na kiyoyozi, na asilishwe kabla ya safari. Na kama mnafikiria kumhasi, msifanye hivyo hadi njia ya hewa ichunguzwe, kwa kuwa dawa ya usingizi ina hatari zaidi kwake kuliko kwa mbwa wengine, na hatari hiyo hubaki hata baada ya upasuaji kuisha, wakati anapozinduka.