Tupeane uzoefu: pampasi juu ya pampasi na bado godoro linalowa

Mama Katindo
Wapendwa, hodi. Leo tuongee yale yanayosemwa kwa sauti ya chini. Mtu mzima anaponyokwa na mkojo usiku, amevalishwa pampasi, juu yake pampasi ya pili, juu yake chupi ya nailoni, na alfajiri godoro limelowa. Habari za mgonjwa ni nani zibaki nyumbani. Leteni kinachofanya kazi: namna ya kupanga, vipimo, na mahali panapoharibika.

Muuguzi wa Himbi
Mama Katindo, jibu umeshalisema mwenyewe: pampasi juu ya pampasi. Igeuze uipapase mgongoni. Ile ngozi laini ya nje ni plastiki. Pampasi ya ndani ikijaa, mkojo hauwezi kupenya plastiki hiyo uingie ya pili. Unatafuta pembeni, unateremka pajani, unapita kando ya ile ya pili na kuishia shukani. Ndiyo maana asubuhi ya ndani imevimba kama mkate uliochovywa chai, na ya nje bado kavu. Umelipia mbili, imefanya kazi moja.

Kanuni: kati ya ngozi na pampasi ya mwisho kusiwe na plastiki yoyote. Ukitaka kuongeza nguvu, weka ndani pedi ile isiyo na mgongo wa plastiki, inayopitisha maji hadi chini. Uijaribu kabla ya kuivalisha: ishike juu ya beseni, mimina maji polepole mpaka ijae. Maji yakidondoka chini, hiyo ni ya kuwekwa ndani ya pampasi. Yasipodondoka kabisa hata imejaa, ina plastiki, haifai kuwa ya ndani.

Kama pampasi mbili ndizo ulizo nazo na usiku umeshaingia, ya ndani ikate tepe zote, kisha uchane plastiki ya mgongoni kwa wembe, mistari 5 au 6 ya sentimita 5 hivi, katikati tu. Chana plastiki peke yake. Wembe ukizama, ile jeli inatoka na kugandia ngozini, na kuiondoa kwenye mikunjo ya mwili ni kazi.

Dada Kyeshero
Muuguzi, samahani. Mbona basi chupi ya nailoni nayo ni plastiki na unairuhusu?

Muuguzi wa Himbi
Kwa sababu ya nailoni haikuwekwa kupokea mkojo, dada. Kazi yake ni mbili: kuibana pampasi isilegee mtu anapogeuka, na kuzuia matone yanayochungulia ukingoni. Ukikuta nailoni ina dimbwi, usinunue nailoni nene zaidi. Rudi ndani, kosa liko kwenye pampasi.

Yaya wa Majengo
Nusu ya kuvuja ni kuvalisha vibaya, hata pampasi ikiwa ya bei kubwa. Mgonjwa wa kitandani fanyeni hivi.

Ikunjeni pampasi kwa urefu, kama mtumbwi, muivute kidogo huku na huku. Hapo zile kingo mbili za ndani zenye lastiki zinasimama. Zisiposimama ni kama paa lisilo na mfereji. Mlazeni ubavu, mpitishe pampasi kutoka mbele kwenda nyuma, mumrudishe chali. Pitisheni kidole kwenye kinena kila upande: ukingo ukae ndani ya mkunjo wa paja, usilale juu ya paja, na usiwe umejikunja kuelekea ndani. Ukingo uliojikunja unaumwaga mkojo nje wenyewe.

Tepe za chini ndizo za kwanza, zielekee juu kidogo, zinabana mapaja. Za juu zifuate, zielekee chini kidogo, zinashika nyonga. Vidole viwili viingie kiunoni bila kulazimisha. Mwanaume uume uelekezwe chini. Ukielekea juu au pembeni, mkojo unatokea kwenye mkanda wa tumbo na watu wanalaumu pampasi.

Mwisho nailoni. Angalieni mzunguko wote, kiuno na mapaja: hata nusu sentimita ya pampasi au ya pedi ikichungulia nje, inavuta mkojo hadi kwenye nguo kama utambi wa koroboi.

Na saizi! Watu wanachukua kubwa wakidhani inabeba zaidi. Pimeni kiuno, pimeni nyonga mahali palipo panene, mfuate kipimo kilicho kikubwa, basi. Ikizidi, inaacha nafasi mapajani.

Fundi Birere
Kuhusu nailoni za kushonwa. Ikivuja, tazama mishono kabla ya kitambaa. Kila tundu la sindano ni mlango. Mshono usipite katikati ya mapaja. Kata kipande kimoja kutoka mbele hadi nyuma, ushone ubavuni. Usishikize kwa pini, tumia klipu au vibanio vya nguo. Sindano nyembamba, hatua ndefu kidogo, uzi wa polyester. Uzi wa pamba unanyonya.

Kosa ninaloliona sokoni ni pindo la pamba lililoshonwa mguuni ili lipendeze. Linapendeza, ndiyo, na linatoa mkojo nje. Lastiki ya mguu iwe ya sentimita 1, ifupi kuliko mzunguko wa paja kwa sentimita 4 au 5. Ikiacha alama nyekundu isiyofutika nusu saa baada ya kuvua, imebana mno.

Mama Ndosho
Wasioweza kununua pampasi kila siku wafanyeje? Vitambaa vya kitenge vinasaidia?

Dobi wa Mabanga
Mama, kitenge kipya hakinyonyi. Maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Hata taulo jipya lifuliwe mara 4 au 5 kwanza. Kilicho bora ni shuka kuukuu la pamba au taulo lililochakaa. Kunja tabaka 6 hadi 8 katikati, pembeni ziwe chache ili mapaja yafunge. Polyester weka kando, haishiki maji.

Jueni tofauti moja: pampasi inageuza mkojo kuwa jeli, hautoki kirahisi hata mtu akikalia. Kitambaa kinaushika tu, ukikikalia kinautema. Kwa hiyo kitambaa kibadilishwe mapema, kila saa 2 au 3 mchana, kisingoje kujaa.

Kufua: maji baridi kwanza, bila sabuni, mkojo utoke. Kisha sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe. Sabuni inayobaki, na ile dawa ya kulainisha nguo, zinafunga nyuzi na kitambaa kinaanza kukataa maji. Bidoni moja ya lita 20 inatosha vitambaa 4 au 5: lita 5 za kuondoa mkojo, 5 za kufua, 10 za kusuuza mara mbili. Vitambaa juani, nailoni kivulini. Nailoni haipendi javeli (ile dawa ya kung'arisha nguo), pasi wala maji ya moto; inapasuka pale inapokunjwa. Na hapa kwetu Goma kung'uteni kila kitu kabla ya kuvalisha. Vumbi la lava kwenye kamba ya nguo linakwaruza ngozi iliyolowa kama msasa.

Muuguzi wa Himbi
Dobi, asante. Niongeze la ngozi, maana nalo linavujisha. Watu wanapaka vazelini tabaka nene wakidhani ndiyo kinga. Inahamia kwenye uso wa pampasi, inaziba, mkojo unabaki juu na kukimbilia pembeni. Paka nyembamba sana, kiasi kwamba kidole kikipita kisiteleze. Poda nayo inaganda kwenye mikunjo. Osha, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka kidogo, funga.

Msikisie ujazo. Pimeni pampasi kavu kwenye mizani ya jikoni, mpime tena asubuhi. Gramu 1 ni kama mililita 1. Fanyeni usiku tatu. Kibofu cha mtu mzima kikijaa kinatoa mililita 300 hadi 500 kwa mara moja, yaani zaidi ya glasi moja hadi mbili kwa mkupuo. Pampasi inaweza kuwa na nafasi na bado ikashindwa kasi hiyo. Na msiamini namba kubwa ya mililita kwenye paketi: imepimwa maabara, bila uzito wa mtu. Mwilini hesabuni nusu, au pungufu.

Yaya wa Majengo
Mahali panapolowa panasema kosa. Mgongoni juu: mtu analala chali na pampasi imevutwa mbele mno. Nyonga moja: analala ubavu, sogezeni pedi ya ndani upande huo. Mapaja yote mawili: saizi kubwa, au kingo zimelala. Kila mahali, na pampasi nzito: imejaa tu, badilisheni mapema.

Kitandani, godoro livishwe nailoni nzito chini ya shuka. Juu ya shuka wekeni aleze, kile kitambaa cha kukinga shuka, kutoka mgongoni hadi magotini, pande zichomekwe chini ya godoro. Ikilowa unavuta aleze peke yake.

Mama Kadutu, Bukavu
Huku mvua haikaushi kitu, kwa hiyo nailoni ziwe 3 kwa mtu mmoja: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kavu kabatini.

Na akina mama: mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kukoma, ulioanza baada ya kuzaa kwa uchungu mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Msipange pampasi mwaka mzima, inashonwa. Hospitali ya Panzi hapa Bukavu na ile ya HEAL Africa hapo Goma wanaifanya kazi hiyo. Nendeni mapema. Mkienda, msipunguze maji ya kunywa mkidhani mtavuja kidogo. Mkojo mzito unachoma ngozi na kibofu zaidi.

Dada Kyeshero
Na safari ya moto, yaani pikipiki? Barabara zetu mnazijua.

Yaya wa Majengo
Mtikisiko unabandua tepe, dada. Badilisha kabla tu ya kupanda, vaa nailoni inayobana na juu yake chupi ya kawaida iliyokaza. Tepe ikishapakwa vazelini au kuguswa na unga haishiki tena, kwa hiyo vidole vikavu. Kitenge cheusi kilichokunjwa mara nne kiwe chini ya makalio. Na kama unavuka kwenda Gisenyi, iliyotumika usiibebe kwenye mfuko wa plastiki. Rwanda imepiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na utanyang'anywa mpakani. Beba kopo la plastiki gumu lenye mfuniko wa kukaza, lile la rangi linafaa.