Walio kwenye seti zote mbili: lupu, retainAll, stream au Python?

mwana_tandahimba: Wakuu habari za jioni. Natengeneza programu ya Java kwa ajili ya vyama vya msingi huku Tandahimba, nina seti mbili, wakulima waliochukua salfa (dawa ya mikorosho) na wakulima walioleta korosho ghalani, nataka waliomo kote kote. Nimetumia lupu ndani ya lupu, kila upande wako 20,000 na laptop inasota kweli. Nyie mnatumia njia gani?

fundi_masasi: Hapo unalinganisha mara milioni 400 kaka, lazima isote. HashSet (aina ya seti ya Java) inauliza "yumo?" na kujibiwa papo hapo, haipekui wote. Tumia retainAll, inabakiza waliomo pande zote mbili tu, lakini NAKILI KWANZA:

Set<Mkulima> kote = new HashSet<>(salfa);
kote.retainAll(ghala);

Mimi niliwahi kuiita moja kwa moja kwenye seti yenyewe, ikafuta wote wasiokuwa upande wa pili, nikaanza kusoma mafaili upya saa tano usiku.

binti_mikindani: Mi nachagua stream, inapitisha mmoja mmoja kwenye chujio, haigusi seti ya mwanzo na unaweza kuongeza sharti lingine palepale, mfano kijiji:

salfa.stream().filter(ghala::contains).collect(Collectors.toSet())

Ila ghala iwe seti kweli, ikiwa listi umerudi kulekule kwa lupu mbili.

mwana_tandahimba: Nimejaribu zote mbili, zote zinaleta sifuri!! Na namba za usajili naziona kwa macho yangu zipo huku na huku.

fundi_masasi: Klasi yako ya Mkulima ina equals (ya kulinganisha wawili) na hashCode (ya kutoa namba ya kapu HashSet inamomweka mtu)?

mwana_tandahimba: Haina

fundi_masasi: Basi ndo hapo. Usipoandika hizo Java inaangalia kama ni obijekti ileile kwenye memori, sasa wewe umesoma mafaili mawili kwa hiyo mkulima mmoja amekuwa obijekti mbili. Andika zote mbili maana ukiweka equals peke yake HashSet inaenda kumtafuta kwenye kapu jingine na haimuoni. Tumia namba ya usajili, jina usiliguse, huku kwetu akina Hamisi Mohamedi kijiji kimoja wanaweza wakawa watatu.

nachingwea_dev: Kwenye Python ni salfa & ghala tu, inakupa seti mpya. Na ukiandika __eq__ ukasahau __hash__ (ndo equals na hashCode za Python) inagoma hapohapo kuingiza kwenye seti, napenda hivyo kuliko Java kukaa kimya ikakupa sifuri. Lakini kama mradi uko Java tayari usihame kwa ajili ya hili.

mwana_tandahimba: Imekubali wakuu, asanteni sana, haimalizi hata sekunde! Nimechukua ya dada wa Mikindani sababu nataka kuchuja kwa kijiji. Na waliochukua salfa ila korosho hawajaleta?

binti_mikindani: Stream ileile, weka alama ya kukanusha: filter(m -> !ghala.contains(m))