Kasri za Outlander kwa siku moja kutoka Edinburgh: gari la peke yetu, basi la kundi, au tujiendeshe?

Mwanakwetu

Wakuu, salaam. Mama anakuja Scotland mwezi wa sita akitokea Tanga, pamoja na mdogo wangu na mkewe. Ukinijumlisha mimi na mume wangu tuko watano. Mama ni mgonjwa wa Outlander, ile tamthilia ya runinga ya Jamie na Claire inayotokea Scotland ya zamani. Ameifuata tangu msimu wa kwanza, anawagombeza wahusika utadhani ni majirani zake, na ameshasema akifika huku hataki maduka wala makumbusho, anataka apelekwe "kwa kina Jamie". Siku tuliyo nayo ni moja, Jumamosi, na tutalala Edinburgh.

Nimezunguka mtandaoni nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni gari la peke yetu na dereva anayeijua tamthilia, muda wa saa 8 au 9, nimetajiwa karibu pauni 600 kwa gari zima. Ya pili ni basi dogo la kundi, pauni 60 na ushee kwa kichwa. Ya tatu ni kukodi gari, mume wangu ashike usukani. Viingilio havimo kwenye bei yoyote kati ya hizo. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ngazi anapanda ila taratibu. Aliyewahi kufanya anipe mwanga.

Mkazi_wa_Leith

Dada, kabla ya bei fungua ramani, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Sehemu zilizotumika kwenye ile tamthilia zimetawanyika Scotland nzima, ila kasri zenyewe nyingi ziko magharibi mwa Edinburgh na zinafuatana. Midhope ndiyo Lallybroch, yaani ndiyo hiyo "kwa kina Jamie", mwendo wa nusu saa na kidogo. Blackness, waliyoifanya Fort William, iko jirani yake, ufukweni kabisa. Linlithgow, lile gereza la Wentworth, iko mbele kidogo. Kisha unapanda hadi Doune, karibu na Stirling, ambayo ndiyo Castle Leoch, kasri ya ukoo wa akina MacKenzie. Kurudi unapitia Culross, kijiji walichokigeuza Cranesmuir. Mzunguko huo unajaza siku. Atakayekuahidi hayo yote na Inverness ya kaskazini juu yake, siku hiyohiyo, anakuuzia kioo cha dirisha.

La pili ni mageti. Doune, Blackness na Linlithgow ziko chini ya Historic Environment Scotland, shirika la serikali la mambo ya kale. Kama mama atakaa siku kadhaa, wana tiketi ya pamoja, Explorer Pass, inayofungua zote tatu na Edinburgh Castle pia. Jumba la Culross ni la shirika lingine, National Trust for Scotland, kwa hiyo tiketi nyingine. Midhope iko ndani ya ardhi ya Hopetoun, mali ya watu, wana kiingilio chao na kalenda yao, na si kila siku pako wazi. Anza na kalenda ya Midhope, ndipo upange mengine. Ukifanya kinyume utamfikisha mama kwenye geti lililofungwa.

Kapuku_Mtalii

Pauni 600 kwenda kupiga picha na mawe? Pandeni treni Edinburgh hadi Linlithgow, dakika 20 hivi, mnatembea kidogo mmefika. Ikulu ya wafalme, Mary Malkia wa Scotland kazaliwa humo mwaka 1542, pale uani kuna chemchemi ya mawe ya karne ya 16, na ziwa liko nyuma yake. Mnakula mlichobeba, mnarudi. Hela inayobaki mnunulieni mama koti.

Mwanakwetu

Kapuku umenichekesha, lakini Linlithgow ndiyo sehemu ambayo mama aliifumbia macho. Vipindi vile vya gerezani alitoka sebuleni. Siwezi kumpeleka pale tu halafu nimwambie basi.

Nyali_Boy

Hujambo dadangu. Mimi niko Leeds, tulienda na gari la kukodi, familia nzima. Kwetu sisi watu wa Kenya na Tanzania Uingereza ni rahisi: unaendesha kushoto, usukani kulia, kama nyumbani tu. Mgeni mwenye leseni halali ya kwao anaruhusiwa kuendesha gari dogo hadi miezi 12, lakini kampuni za kukodisha zina masharti yao juu ya sheria, nyingine hutaka na kibali cha kimataifa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Kama mumeo amezoea otomatiki weka oda mapema, huwa chache na bei iko juu kuliko za gia.

Uzuri wake ni kwamba hakuna anayekuharakisha. Ubaya ni kwamba anayeendesha hatembei, anafanya kazi. Njia ya kuingia Midhope ni nyembamba, ya mashambani, mkikutana na gari lingine mmoja arudi nyuma. Doune maegesho ni madogo na Jumamosi yanajaa. Na hakuna wa kuwasimulia chochote: mtasimama mbele ya ukuta, mtafungua simu, mtasoma. Kwa vijana sawa. Kwa mama mwenye miaka 71 anayetaka kuambiwa "hapa ndipo Claire alipofanya hivi", sina hakika kama ni sawa.

Dada_wa_Dundee

Mimi nilipanda basi la kundi, kampuni siitaji. Dereva alikuwa mcheshi, anajua historia na tamthilia, hapo sina neno. Shida ni saa. Doune tulipewa muda wa kuzunguka ambao nusu yake uliishia kwenye foleni ya choo na duka. Waliokuwa na wazazi wao walibaki uani kwa sababu kupanda na kushuka kungewachelewesha wote. Halafu Midhope siku ile ilikuwa imefungwa, jambo ambalo kwenye tangazo liliandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, tukapelekwa kupiga picha kwenye daraja.

Kwa mtu mmoja au wawili bado ningesema basi la kundi, bei inaeleweka. Watu watano mnalipa pauni 300 na zaidi, na bado mko chini ya saa ya mtu mwingine. Wenye watoto wadogo pia muulize, mabasi mengi hayachukui mtoto wa chini ya miaka 5.

Mkazi_wa_Leith

Hapo kwenye watu watano ndipo hesabu inapobadilika. Gari la peke yenu linatozwa kwa gari, si kwa kichwa. Mkiwa wawili ni anasa. Mkiwa watano ni pauni 120 kila mmoja, yaani mara mbili ya basi, si mara tano. Mkipata mtu wa sita inashuka tena.

Lakini muulize dereva mambo haya kwa maandishi. Je, anaingia nanyi ndani ya kasri au anawasubiri garini? Wengi wanasubiri garini, na bei ni ileile. Je, saa zinaanza kuhesabiwa hotelini au mnapoondoka mjini? Midhope ikifungwa mbadala ni nini? Ukitaka mtu wa kusimulia kwa undani, tafuta mwenye Blue Badge, beji ya waongoza watalii, hao wamesomea na kufanyiwa mtihani. Na tafadhali, yule ndugu wa jumuiya atakayekwambia "nipe pauni 200 ya mkononi nawazungusha", mshukuru umwache. Bima ya kawaida ya gari haimfuniki anayebeba abiria kwa malipo. Mkipata ajali ndiyo mtajua.

Kijana_wa_Tabata

Kwa nini msiende Northern Ireland kwenye Game of Thrones, ile tamthilia ya majoka? Castle Ward ndiyo kasri ya Winterfell, unavaa joho, unapiga mishale. Na Banbridge kuna studio yenyewe, ilifunguliwa kwa watalii mwaka 2022, mapambo na mavazi yote yamo. Siku moja ya gari la peke yenu kutoka Belfast inaenea. Mama ataipenda.

Bi_Shela

Kijana, mtu kaomba biriani wewe unamletea pizza. Ila kwa wengine wanaosoma, jambo moja kuhusu huko. Northern Ireland ni Uingereza, viza ya Uingereza inatosha, lakini rukeni hadi Belfast moja kwa moja. Ziara nyingi za Game of Thrones zinaanzia Dublin, na tiketi ya Dublin mara nyingi ni rahisi. Dublin ni nchi nyingine. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Ireland, ya Uingereza haimwingizi. Mpakani hakuna mtu anayesimama kukagua kila gari, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba basi hakuna sheria.

Castle Ward yenyewe ni kichekesho kizuri hata bila tamthilia. Mume na mke wa karne ya 18 hawakukubaliana mtindo wa nyumba, ikajengwa upande mmoja kwa mtindo wa mume na upande wa pili kwa mtindo wa mkewe. Winterfell iko chini, kwenye ua wa shamba na mnara wa zamani.

Mwanakwetu

Mama majoka hayataki, Bi Shela umemsemea. Sasa Mkazi wa Leith, nieleze magoti. Wapi atapanda, wapi atakaa?

Mkazi_wa_Leith

Doune: kuingia unapita chini ya mnara wa lango, njia ya mawe ya duara yenye mwinuko, ikinyesha inateleza. Viatu vya soli ngumu asivae. Ukishafika uani pametulia. Kumbi kubwa ziko juu, na ndani kuna ngazi za mzunguko, nyembamba, hata kijana anashika ukuta. Kama hawezi zote achague ukumbi mmoja. Ningechagua ule wa bwana, wenye meko mawili yaliyounganishwa, na jiko lake ambalo tao la meko ni kama ukuta mzima. Chukueni vile vifaa vya kusikilizia, maelezo yalisomwa na Terry Jones wa Monty Python, kundi la wachekeshaji, maana hao nao walirekodi filamu yao hapo mwaka 1974, na Sam Heughan, mwigizaji wa Jamie mwenyewe, kasoma sehemu zinazohusu Outlander. Mama akisikia sauti hiyo sikioni safari imeshalipa. Ni Kiingereza, mdogo wako amtafsirie.

Blackness: wenyeji wanaiita meli isiyosafiri. Imejengwa karne ya 15 juu ya mwamba unaoingia majini, na kweli ina omo na tezi na mnara wa kati badala ya mlingoti. Mtu wa Tanga ataielewa bila kuelezwa. Ila ua wake si sakafu, ni mwamba wenyewe, umepinda na una mabonde. Ndipo Jamie alipochapwa viboko. Mama asimame langoni, aone, atosheke, na upepo wa pale utamkumbusha kurudi garini.

Midhope: hakuna cha kupanda. Mnatembea kidogo kutoka maegesho, mnafika kwenye lango la tao, nyumba iko mbele yenu. Ndani hamuingii, ni gofu, paa lipo lakini hakuna sakafu ya kukanyaga. Lakini ukisimama chini ya lile tao unaona picha ileile ya kwenye runinga, bila kuongeza wala kupunguza.

Kapuku_Mtalii

Kwa hiyo ndani hamna kitu. Nilisema.

Mkazi_wa_Leith

Umesema kweli nusu. Sehemu kubwa ya ndani ilijengwa studio, Cumbernauld, na haifunguliwi kwa watu. Hata yale mawe anayopitia Claire kwenda zama za kale hayapo. Yalikuwa ya kutengenezwa, wakayasimika karibu na Kinloch Rannoch, wakamaliza wakayaondoa. Mwambieni mama mapema asije akayadai. Lakini bustani ya dawa ya Claire ipo, nyuma ya jumba la Culross, lile lenye rangi ya manjano. Inapanda kwa ngazi, ila hata ukibaki chini unaona vitanda vya mimea. Kwa mama wa Kiafrika aliyelima mchaichai maisha yake yote, nadhani hapo atakaa kuliko kwenye kasri yoyote.

Bi_Shela

Wenye wazazi London nao wasihangaike kuja huku. Highclere, kasri ya tamthilia ya Downton Abbey, iko karibu na Newbury, treni kutoka Paddington halafu teksi. Vyumba vingi vya mabwana vilivyoonekana ni vilevile vya kweli, mnaingia mpaka maktaba. Jiko la watumishi ndilo lilijengwa studio, Ealing. Chini ya nyumba kuna maonyesho ya Misri, maana bwana wa kasri hiyo, Carnarvon wa tano, ndiye aliyegharamia uchimbaji wa kaburi la farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922. Inafunguliwa vipindi maalum tu vya mwaka, tiketi zinaisha, na picha ndani hakuna.

Mwanakwetu

Nimeshawishika na gari la peke yetu, na Linlithgow nimeifuta. Midhope, Blackness ya kuchungulia, Doune, Culross. Nimeangalia kalenda ya Midhope, Jumamosi yetu wako wazi. Nianze na ipi? Mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku, kwa hiyo muda upo.

Mkazi_wa_Leith

Jua lipo, mageti hayapo. Kasri hizi zinafunga jua likiwa bado juu, kila moja na saa yake, na wa mwisho kuingia anaingia kabla ya hapo. Anzeni na Doune asubuhi, magoti yakiwa bado mapya na maegesho yakiwa na nafasi. Chakula cha mchana Culross. Blackness na Midhope ziwe za mwisho, ziko njia ya kurudi mjini na hazina ngazi za lazima. Dereva akikataa mpangilio huo kwa sababu "ziara yetu huanzia Midhope", mkumbushe kwamba mmelipia gari zima.