Gumzo la Familia: Kikasha cha Barazani kwa Bi Mkubwa

JUMAPILI JIONI

Shangazi wa Chake: Assalaam alaykum jamaa wa Unguja. Nimeona picha za Zuhura Forodhani, yeye na wageni wote wameinamia simu. Kuna mtu kapotelewa na kitu?

Mama Zuhura: Waalaykum salaam wifi. Hakuna aliyepotelewa, wasaka vikopo hao. Walitoka alasiri yeye na baba yake, wakarudi baada ya isha. Tangu jana mtoto hajanyamaza.

Baba Zuhura: Ngojeni niwaeleze vizuri maana nimeupenda mchezo huu kwa dhati. Unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kikasha, ndani mna daftari dogo, halafu anaweka mtandaoni namba za pahala pale, latitudo na longitudo. Anayetaka anazifuata kwa simu. Akikipata anaandika jina na tarehe, anakirudisha palepale kama alivyokikuta. Jana ulikuwa mkutano wa wachezaji. Walitangaza saa na namba, S 06° 09 na E 039° 11 na vipande vyake, ukizifuata zinakutoa bustanini Forodhani. Unasaini daftari, unakaa, mnazungumza. Wengi wageni, sie wenyeji tulikuwa wachache mno.

Ami Seif: Mchezo wa zamani huo?

Baba Zuhura: Tangu 2000. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa ikiziharibu kwa makusudi ishara za GPS, zile za setilaiti zinazoonyesha pahala ulipo, zinazotumiwa na raia, kosa likifika hata mita 100. Usiku wa kuamkia Mei 2 mwaka ule wakaacha. Mei 3 bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo msituni Oregon na kutangaza namba zake kwenye intaneti. Haikupita wiki watu washaipata. Mlikuwa na daftari, penseli, vitu vidogo vya kubadilishana na kopo la maharage.

Bi Mkubwa (sauti, naandika mimi Mama Zuhura): Maharage msituni? Si watakuja wanyama?

Baba Zuhura: Ndiyo maana siku hizi chakula hakiruhusiwi kabisa, mama. Wanyama wananusa, wanakivunja kikasha.

Ami Seif: 2000 ndio mwaka Mji Mkongwe ulipoingizwa urithi wa dunia na UNESCO.

Baba Zuhura: Mwaka mmoja, kweli. Sasa Zuhura anataka simu.

Baba Zuhura: Shikamoo Bibi shikamoo Ami shikamoo Shangazi ni mimi Zuhura. Baada ya mkutano tuliingia vichochoroni na watu wengine kutafuta kikopo. Simu ya baba ikawa inasema mita 9 tukisimama inasema mita 30, na hatujasogea!! Mara inatuonyesha tuko ndani ya nyumba ya watu. Baba akawa anakwenda mbele anarudi nyuma. Nikamwambia baba iweke mfukoni tuangalie kwa macho. Nikatafuta kitu ambacho hakifanani na wenzake. Nikakiona!!! Kidogo kama kidole gumba. Ndani karatasi imeviringishwa. Nimeandika jina langu chini ya mtu wa Ufini

Shangazi wa Chake: Marahaba mwanangu, mashaallah! Mtaa gani?

Baba Zuhura: Hatusemi Shangazi. Akijua mmoja watajua wote na atakayekuja atakuwa hatafuti tena

Shangazi wa Chake: Hata mie dada wa babako?

Baba Zuhura: Hata wewe. Ukija Unguja nitakupeleka utafute mwenyewe

Baba Zuhura: Ni baba mtu sasa. Kuhusu simu, haikuwa mbovu. Ili ijue ilipo inahitaji kusikia setilaiti nne au zaidi, na hizo ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Uwanjani pale Mnazi Mmoja mbingu yote iko wazi, inasikia bila taabu. Kwenye ujia wa Mji Mkongwe nyumba zimepanda ghorofa mbili tatu kila upande, mbingu unaiona kipande tu. Ishara inagonga ukuta kwanza ndipo iifikie simu, kwa hivyo inachelewa, na simu inadhani iko mbali na ilipo. Mie nilikuwa nalijua hilo kichwani na bado nikaendelea kuifuata simu. Mtoto ndiye aliyeinua uso.

Ami Seif: Na huko kutafuta kwenyewe, mlitia mikono kwenye kuta? Hapo ndipo mnaponitia wasiwasi. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo. Ukichokoa jiwe moja leo, masika ikija maji yanaingia, mwakani umeita fundi. Tuliona Beit el Ajaib Disemba 2020, nyumba ya 1883, upande mzima ukaporomoka na watu wakafa. Sisemi ni kwa ajili ya michezo. Nasema majengo haya hayataki kuguswaguswa.

Baba Zuhura: Una haki kusema. Kanuni za mchezo zenyewe zinakataza kuchimba, kuzika na kuharibu chochote, na mwenye pahala lazima awe kakubali. Cha jana kilikaa juu juu, hakuna jiwe lililoguswa.

Mama Zuhura: Mie lililonishughulisha ni watu wa mtaa. Mtoto wa kike na babake wanachungulia chungulia pembe za nyumba za watu jioni, watafikiriwa nini?

Baba Zuhura: Hapo ndipo nilipojifunza. Wageni walituambia kwao msakaji hujifanya anafunga kamba za viatu mpaka wapita njia waondoke, asionekane akikitoa kikasha. Hapa utajificha wapi? Kila baraza ina wazee wake. Zuhura akawaendea wazee wa bao, akatoa shikamoo, akasema tunatafuta kikopo cha mchezo, tunaomba ruhusa kuangalia. Mmoja akasema aa, hicho wanachokuja Wazungu kukiinamia! Kumbe wanakilinda siku zote. Watoto wakitaka kukichukua wanawakataza.

Bi Mkubwa (sauti): Hayo ndiyo malezi. Salamu kwanza.

Shangazi wa Chake: Na kile kibati cha chuma anachokionyesha kwenye picha?

Baba Zuhura: Hicho ni msafiri. Kina namba yake. Unakitoa kwenye kikasha kimoja unakipeleka kwenye kingine, au mnapeana mkononi, na kila kinapofika mtu anaandika mtandaoni. Mama mmoja wa Ujerumani alimpa Zuhura pale mkutanoni. Mwenyewe anataka kivuke bahari nyingi kadiri iwezekanavyo.

Shangazi wa Chake: Basi na kivuke bahari kije na Pemba! Mwanangu anarudi na boti Alkhamisi, mpeni. Nitakipiga picha Ras Mkumbuu kwenye magofu ya msikiti, halafu nikirejeshe.

Baba Zuhura: Zuhura anaruka hapa. Amekubali.

JUMATATU

Baba Zuhura: Jamaa, kuna jambo nimelala nalo. Pale Forodhani niliuliza kwa nini vikasha ni haba mjini kwetu wakati wageni wanaovitafuta ni wengi. Nikajibiwa kwamba anayeficha lazima aishi karibu akitunze, abadilishe karatasi ikirowa, akirudishe kikianguka. Mgeni wa wiki moja hawezi. Wanaojitolea kukagua kila kikasha kabla hakijatangazwa huuliza hilo. Kwa hivyo kazi ni ya wenyeji. Na mie sitaki mgeni aje Unguja aone Forodhani na pweza wa kuchoma tu. Nataka apite mtaani kwetu, auone mlango wa nyumba aliyozaliwa mama.

Ami Seif: Utakificha wapi bila kutoboa?

Baba Zuhura: Ipo aina ya hatua nyingi. Namba za kwanza zinakuleta mlangoni. Pale hakuna kitu, unahesabu kilichopo au unasoma mwaka uliochongwa, na jibu linakamilisha namba za pili. Kikasha chenyewe kinakaa huko mwisho. Nilifikiri chini ya baraza ya Bi Mkubwa, kwenye lile pengo la ngazi, kama mwenyewe ataridhia.

Bi Mkubwa (sauti): Mie naridhia. Lakini mwambieni sheha kwanza, na majirani wa pande zote mbili. Sitaki mtu aone kasha limefichwa akaogopa akaita askari. Na kiandikwe kwa nje ni kitu gani, kwa Kiswahili. Mgeni akija asubuhi kahawa ipo.

Baba Zuhura: Ahsante mama. Kuandika nje ni sharti la mchezo pia.

Mama Zuhura: Na saa za sala na usiku watu wasije kupiga kelele pale. Liandikwe kwenye maelezo.

Baba Zuhura: Litaandikwa. Nimepima kwenye ramani, hakuna kikasha chengine ndani ya mita 161, ndio umbali unaotakiwa.

Ami Seif: Nina kopo la plastiki la kufunga kwa kuzungusha, halipitishi maji. Nalileta Jumanne. Nitalifunga kwa waya kwenye chuma cha ngazi, ukuta hauguswi.

Baba Zuhura: Ni Zuhura tena. Bibi nimekuja kuhesabu misumari ya shaba ya mlango lakini kuna iliyong'oka. Nihesabu na matundu?

Bi Mkubwa (sauti): Hesabu iliyopo.

Ami Seif: Zuhura, usitumie misumari. Ikidondoka mmoja, atakayekuja mwakani atapata jibu jengine na atapotea. Tumia samaki waliochongwa miimoni, wale hawaondoki.

Baba Zuhura: Sawa Ami. Naanza upya. Bibi naomba kiti, wa juu siwafikii