Paka wangu Diwani kapoteza sauti, anafungua mdomo hakitoki kitu

Fundi wa Majengo (Jumanne, saa 4 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na paka, na tafadhali msinicheke.

Niko Moshi, Majengo. Nina paka dume wa miaka 3 na kidogo, rangi ya chungwa. Nilimchukua Mbuyuni akiwa anaenea kwenye kiganja, maana panya walikuwa wananitobolea vitambaa vya wateja. Anaitwa Diwani. Jina alipewa na mteja mmoja, kwa sababu hakuna anayeingia kibandani kwangu asihutubiwe. Ukija kupimwa suruali anakuhutubia, ukija kulipa deni anakuhutubia, na saa 11 alfajiri ananiamsha mimi na nyumba mbili za jirani kudai utumbo wa kuku.

Jumapili nikaamka saa 1 kasoro, nikashangaa nani kaniacha nilale hivyo. Nikamkuta mlangoni kama kawaida yake, mkia kauzungushia miguu, ananitazama. Akafungua mdomo wote mpaka meno ya nyuma nikayaona, mbavu zikapanda, zikashuka, kimya. Mara ya pili ikatoka hewa tu, kama tairi la baiskeli linalovuja. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikasema leo Diwani kazimiwa kipaza sauti.

Jumatatu sikucheka tena. Chafya mfululizo, jicho la kushoto limejaa tongotongo halifunguki vizuri, na udenda unamtoka upande mmoja. Utumbo kaunusa, kageuka. Tangu jana hajatia kitu tumboni zaidi ya kulamba supu ya dagaa mara tatu nne. Sasa hivi amejikunja chini ya cherehani, juu ya mabaki ya kitambaa cha sare, hata nikikanyaga mashine hashtuki. Na mimi sare hizi zinangojewa, shule zimeshafunguliwa, wazazi wananipigia simu kila saa.

Mambo mawili niyaseme kabla hamjauliza. Mimi ni fundi, nyuzi zimezagaa kila mahali, na Diwani kuchezea uzi ndiyo kazi yake ya mchana. Halafu wiki iliyopita alipotea siku 3 kwa ajili ya jike mmoja wa ng'ambo ya barabara, akarudi sikio limechanika.

Leo nimekwenda duka moja la dawa za mifugo, silitaji. Kijana wa kaunta hakuuliza hata paka ana nini. Kanipa OTC ya unga, ile antibiotiki ya kuku, akasema "weka kwenye maziwa mama, atapona." Nimeweka. Hajayagusa, na moyo wangu haujatulia. Nifanyeje? Na je, nimfungue mdomo nitazame kama kuna uzi?

Kijana wa Pasua

Pole dada. Baridi ya mwezi huu hata sisi binadamu sauti zimekauka, mlima wenyewe hatujauona wiki nzima. Ponda nusu Panadol, changanya na asali, mlambishe. Mzee wangu alikuwa anampa mbwa wetu na mbwa alikuwa anabweka mpaka Himo wanasikia.

Bwana Mifugo Sakina

USIMPE PANADOL. Samahani kwa herufi kubwa, mimi ni daktari wa mifugo hapa Arusha na nimeshawazika wengi kwa hiyo nusu kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama la mtu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu inavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Kijana, futa ulichoandika kabla hajatokea mwingine akakifuata.

Mama fundi, hayo maziwa mwaga. Kipimo cha kuku si cha paka, na dawa ya jamii hiyo ukiichanganya na maziwa inajishika na chokaa ya maziwa, haifanyi kazi inavyotakiwa. Yaani hata angeyanywa ungebaki pale pale.

Kwa maelezo yako (chafya, tongotongo, udenda, sauti kukata) mimi nafikiria kwanza mafua ya paka. Yana virusi viwili vikubwa, kimoja cha jamii ya hepesi na kingine kinaitwa kalisi. Zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kooni, kinavimba, ndiyo maana hewa inapita lakini mlio haupigi. Kalisi hupenda pia kutoa vidonda mdomoni, na huo udenda wa upande mmoja unanifanya nivifikirie. Paka mwenye kidonda kwenye ulimi anatamani kula, akigusa chakula anarudi nyuma. Uzi ungekuwa umekwama ningetegemea kutapika na kukabwakabwa, si chafya na macho.

Lakini usimfungue mdomo. Nakuomba. Sababu ya kwanza ni kwamba ukiuona uzi utauvuta. Uzi unaweza kuwa umejizungusha chini ya ulimi na mwisho wake uko kwenye utumbo, ukiuvuta unakata utumbo kama waya unavyokata sabuni. Sababu ya pili sipendi kuitaja usiku: paka aliyebadilika sauti, anatoka udenda, hamezi vizuri, na wiki iliyopita kapigana na mnyama usiyemjua, lazima niulize kuhusu kichaa. Watu wanadhani kichaa ni cha mbwa tu. Huku kwetu mbwa ndiye anayekieneza zaidi, ila paka akiumwa na mbwa mgonjwa naye anakipata, na sauti kubadilika ni moja ya dalili kwa sababu misuli ya koo inapooza. Sisemi anacho. Nasema vidole vyako visiingie mdomoni mwake mpaka aonwe. Ana chanjo?

Usiku huu fanya moja tu. Akiwa amelala, tazama ubavu wake, hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Chini ya 30, lala. Ikivuka 40, au ukimwona anahema mdomo wazi, usingoje kuche.

Fundi wa Majengo (saa 5:20 usiku)

Nimehesabu mara 3 kwa tochi ya simu, nimeiziba kwa kidole ili mwanga usimwamshe. 26, 28, 26. Mara ya kwanza nilikosea kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Chanjo hana. Nilijua chanjo ni ya mbwa.

Na nikiri: kabla ya kuandika hapa nilishajaribu kumfungua mdomo. Kanikwaruza kidole gumba, damu kidogo. Sikuandika kwa aibu.

Bwana Mifugo Sakina

Nenda bombani sasa hivi. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, usikadirie. Usifunge bendeji, usipake mafuta ya taa wala majivu. Kesho asubuhi pita hospitali uwaeleze kama ulivyotueleza sisi, paka hana chanjo, alipotea, kabadilika sauti, kuna mkwaruzo na mikono yako huenda ilikuwa na mate yake. Wao ndio watakaoamua kuhusu sindano. Paka asiuawe wala asitupwe, afungiwe mahali pamoja. Akifika siku 10 tangu akukwaruze akiwa hai na hana dalili za kichaa, basi siku ile hakuwa na kichaa cha kukuambukiza. Ila wewe usizingoje hizo siku 10 kwenda hospitali. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba, kwa hiyo hapa hatubahatishi.

Mafua yenyewe hayakuhusu, virusi hivyo viwili haviingii kwa binadamu. Akipiga chafya usoni kwako utachukia tu.

Mama Wawili wa Rau

Pole sana mama. Wangu jike alikuwa hivyohivyo mwaka jana, sauti ilikata siku 6. Kumpeleka kwa daktari usimbebe mkononi kwenye bodaboda, atakutoroka pale mzunguko wa mnara wa saa umtafute mpaka Krismasi. Tumia tenga la kuku, tandika kanga yako uliyoivaa (isiyofuliwa, yenye harufu yako), funika juu na nyingine, panda bajaji. Gizani wanatulia.

Chakula mimi nilipasha kibua kilichochambuliwa miiba, kikawa vuguvugu tu, kwa sababu pua ikiziba hawasikii harufu, na wasiponusa hawali. Usiweke kitunguu. Nilifukizia pia na majani ya mkaratusi.

Bwana Mifugo Sakina

Yote sawa isipokuwa mkaratusi. Mafuta yake si rafiki wa paka, na zile dawa za kupaka kifuani vilevile. Mvuke wa maji matupu: ndoo ya maji ya moto bafuni, mlango ufungwe, paka awe ndani ya tenga mbali na ndoo, dakika 10. Na kitunguu kweli, kiwe maji au saumu, kinaharibu damu yake.

Kutokula ndiyo kunakonitia wasiwasi kuliko hata sauti. Paka akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kulijaza, hasa akiwa mnene. Diwani ni mnene?

Fundi wa Majengo (Jumatano, saa 9 alasiri)

Diwani ni diwani, mnajua wenyewe kitambi.

Nimerudi. Hospitali wamenisikiliza, nimechomwa sindano ya kwanza na nimepewa tarehe za nyingine. Nesi alipouliza jina la mnyama nikamtajia, foleni nzima ikageuka.

Halafu tukaenda kwa daktari wa mifugo, kwenye tenga, kwa bajaji. Njia nzima hajatoa sauti, na hilo ndilo lililoniliza. Mwaka juzi nilimpeleka kuhasiwa, tukaishia njiani kwa sababu dereva alikataa kelele. Leo dereva ananiuliza, "Mama, una kuku ngapi?"

Daktari alimtazama kwanza bila kumgusa, akitembea chumbani, akinywa maji. Kanywa, kameza. Daktari akasema anayemeza hivi na kutembea hivi anampunguzia wasiwasi, ila siku 10 ziko palepale. Akavaa glavu nene, msaidizi akamviringisha Diwani kwenye taulo kama mtoto mchanga, mdomo ukafunguliwa kwa sekunde chache chini ya taa. Niliona kwa macho yangu. Pembeni ya ulimi kuna kidonda chekundu kinachong'aa, mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati la mtoto, na kingine kidogo mbele, kama mtu aliyeungua chai. Chini ya ulimi hakuna uzi. Nilivuta pumzi mpaka msaidizi akacheka.

Joto 39.9. Kasema la kawaida linaishia 39 na kidogo. Mafua ya paka, kama Bwana Mifugo ulivyosema. Hakuna dawa ya kuvimaliza kabisa virusi hivyo, mara nyingi mwili wenyewe unapambana navyo na dalili zinaisha kwa wiki 1 hadi 3, ila kapewa vidonge vya doksi kwa ajili ya bakteria wanaoingia nyuma yao, dawa ya maumivu ya paka, na ya jicho. Kanikazia kwamba kila kidonge kifuatwe na maji, mililita 5 kwa sirinji isiyo na sindano, pole pole pembeni ya shavu, kwa sababu doksi ikikwama kooni inaunguza. Bei ni kama ya kushona sare mbili na nusu. Sijalalamika.

Kijana wa Pasua

Dada samahani kwa ile Panadol. Nimeifuta.

Bwana Mifugo Sakina

Safi sana. Vyombo vyake na pale chini ya cherehani futa kwa Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 32, kisha suuza vizuri kabla hajarudi kukaa. Kalisi haisikii sabuni ya kawaida na inaweza kuishi kwenye sakafu wiki kadhaa. Yule jike wa ng'ambo ya barabara ndiye mshukiwa wangu namba 1.

Fundi wa Majengo (Ijumaa)

Amekula. Kijiko 1 cha kibua kilichopondwa na maji ya moto, kutoka kwenye kidole cha glavu. Alirudi nyuma mara mbili, akaja. Nyuzi zote nimezifungia kwenye kopo la biskuti. Sauti bado.

Fundi wa Majengo (Jumanne nyingine)

Wakuu, leo saa 11 na dakika 10 alfajiri nimesikia kitu kama bawaba ya mlango wa stoo. Nikajua mwizi. Nikachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitenge nikatoka. Ni yeye, kakaa palepale mlangoni, mkia kauzungushia miguu. Kafungua mdomo tena: "eek." Mwisho. Akasubiri. Nikampa utumbo na mkasi nikiwa nao mkononi.

Jicho limefunguka, chafya moja moja. Kesho kutwa ndiyo siku ya 10 na anatembea vizuri, anakula, anapandisha mabega kwa kuku wa jirani. Sindano zangu naendelea nazo kwa tarehe walizonipa.

Kijana wa Pasua

Hongera! Diwani arudi bungeni sasa.

Mama Wawili wa Rau

Diwani bungeni anatafuta nini? Diwani anakaa kwenye baraza. Siku hizi somo la uraia hamfundishwi?

Bwana Mifugo Sakina

Akishapona kabisa, chanjo mbili: ya mafua na ya kichaa. Ya mafua haimzuii kupata virusi moja kwa moja, inafanya ugonjwa uwe mwepesi. Na ahasiwe safari hii, hata dereva akilalamika.

Fundi wa Majengo

Nimeshaandikiwa tarehe zote. Kijana wa Pasua, kwa ile Panadol, wewe ndiye utakayeshika tenga.